Sabufa inaunguruma ukichomeka waya wa kebo? Usikate pini ya ethi

Ndugu zangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Nyanda za Juu Kusini kote, naandika kama mwalimu wa umeme chuoni na kinachonisukuma ni kitu kimoja: watu wanakata ile pini ya tatu ya plagi, pini ya ethi, ili muziki uache kuunguruma, na kweli unaacha, ndo maana ushauri huu unasambaa mtaani haraka sana. Jamani msikate. Huo muungurumo una tiba yake na haihitaji kuweka roho ya mtu rehani.

Kwanza tuelewane ni sauti gani. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50, kwahiyo muungurumo wake ni ile "mmmm" nzito ya chini, haipandi haishuki, mara nyingi imechanganyika na hezi 100. Mchana huisikii sana, usiku mtaa wa Forest au Kihesa ukitulia ndo inakera.

Inatokea hivi. Waya wa kebo ya TV una uzi wa shaba katikati, na nje yake kuna wavu wa chuma unaouzunguka. Ule wavu unaanzia kwenye mitambo ya mwenye kebo, na huko ameshauunganisha na ardhi yake. Wewe nyumbani una ethi yako, ile fimbo ya shaba iliyopigiliwa chini nje ya nyumba. Watu wanadhani ardhi ni ardhi, lakini kati ya ethi yake na ethi yako kuna tofauti ya volti, na hata ikiwa chini ya volti moja inatosha kukera, na kiangazi kuanzia Juni udongo ukikauka ethi nyingi zinazidi kuwa dhaifu. Sasa wavu unaingia kwenye king'amuzi au TV, unapita kwenye waya wa sauti zile pini nyekundu na nyeupe, unafika kwenye amplifaya ya sabufa, unatoka kwa pini ya ethi ya plagi na kurudi ardhini. Mzunguko umefungwa, mkondo mdogo unatembea humo muda wote, na amplifaya haiwezi kujua upi ni muziki upi ni umeme wa ardhini, inakuza vyote.

Kuhakikisha ni rahisi. Washa kila kitu, muungurumo usikike, halafu fungua waya wa kebo nyuma ya king'amuzi au TV. Muungurumo ukinyamaza papo hapo, mkosaji umempata. Usipobadilika basi tatizo liko kwingine, labda waya wa sauti umekatika wavu wake, au kapasita za sabufa zimechoka, na hapo kitenganishi cha kebo nitakachokitaja chini hakitakusaidia kitu. Usifanye jaribio hili mvua ya radi ikiwa inanyesha, na tunajua radi za huku kuanzia Novemba zilivyo. Na ukigusa waya ukasikia umeme unakutekenya kwa nguvu acha hapohapo, ita fundi mwenye leseni, hilo sio suala la muziki tena.

Kabla hujanunua chochote, chomeka TV, king'amuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja yenye ethi, kutoka soketi moja ya ukutani. Wakati mwingine inapunguza, lakini kwa kuwa kebo inatoka nje ya nyumba mara nyingi haimalizi kabisa.

Kama TV yako na amplifaya vyote vina tundu la optiko, nunua waya wa optiko, maliza. Humo sauti inapita kwa mwanga, hakuna chuma kinachounganisha vifaa viwili, kwahiyo hakuna mzunguko. Binafsi ndio njia ninayoipenda kuliko zote. Sabufa nyingi za madukani hazina tundu hilo, basi kuna kiboksi kidogo chenye transfoma mbili ndani, moja kushoto moja kulia, kinakaa katikati ya waya wa sauti, sauti inavuka kwa sumaku bila chuma kugusana. Angalizo: vya bei ya chini sana vinakula besi, kisikilize kwanza kabla hujalipa.

Njia nyingine ni kutenganisha kwenye kebo yenyewe. Kuna kitenganishi kinachofungwa kwenye waya wa antena, kinapitisha masafa ya TV na kuzuia umeme wa hezi 50. Sasa hapa wengi wanakosea, kifaa hiki ni cha kebo au antena ya kawaida tu. Ukikifunga kwenye waya wa dishi picha inapotea, kwasababu kile kichwa cha dishi kinahitaji volti 13 au 18 zinazopanda kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya huohuo na kitenganishi kinazikata.

Tiba ya mzizi iko ukutani waya unapoingilia. Mwambie mtu wa kebo afunge pale kiungo chenye skrubu ya ethi, na fundi umeme wako auunganishe wavu na ethi ya nyumba kwa waya mfupi mnene. Tofauti ya volti inaishia nje badala ya kupitia kwenye muziki wako, na radi pia inapata njia ya kushuka kabla haijafika sebuleni. Kitenganishi ukikitaka kifungwe baada ya hapo, upande wa ndani.

Kuhusu kukata pini. Amplifaya yenye bodi ya chuma ikipata hitilafu na waya wa moto ukagusa bodi, ethi ndio inayofanya fyuzi ikatike. Bila ethi bodi inakaa na volti 230 ikimsubiri mtoto aguse, au umeme unatafuta njia kwenye wavu wa kebo, waya mwembamba ambao haukutengenezwa kwa kazi hiyo, waya huo unapata moto na umeme unamfuata hadi kijana aliyepanda nguzo kumuungia jirani yako. Kama umeshaikata, badilisha plagi leo, plagi nzima yenye fyuzi yake, usigundishe pini kwa gundi.