Bei ya kiti: dhana potofu kuhusu vyuo vikuu binafsi na kuhamahama kwa ligi za Marekani

Pac-12, ligi ya michezo ya vyuo iliyoanzishwa mwaka 1915 katika pwani ya magharibi ya Marekani, ilibomoka ndani ya siku chache. USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, vilikuwa vimetangaza tangu Juni 2022 kwamba vitahamia ligi nyingine, Big Ten. Colorado nayo ikatangaza kuondoka mwishoni mwa Julai 2023. Na tarehe 4 Agosti vyuo vitano vikaaga kwa siku moja. Vilibaki vinne, na kati ya hivyo kimoja tu kilikuwa chuo kikuu binafsi: Stanford, ambacho kina mataji ya timu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, mengi kuliko chuo kingine chochote. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, ACC, ligi yenye mizizi katika pwani ya Atlantiki, ilikubali kuipokea Stanford pamoja na California (Chuo Kikuu cha California, Berkeley) na chuo kingine binafsi, SMU cha Dallas. Kisa hiki kimezaa dhana nyingi, na nyingi kati yake hupotoka mahali pamoja, yaani katika swali la nani hulipa na hulipa kutoka mfuko gani.

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba chuo tajiri hakitikiswi na mambo haya. Stanford ina wakfu wa zaidi ya dola bilioni 36, kwa hiyo, watu husema, fedha za televisheni, ambazo ligi huwagawia wanachama wake, kwake ni vijisenti. Ukweli ni kwamba wakfu wa chuo kikuu si kibubu cha kuvunjwa idara ya michezo inapopungukiwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha hizo imefungwa na masharti ya waliozitoa: huyu alitoa kwa ajili ya ufadhili wa wanafunzi, yule kwa ajili ya kiti cha profesa wa fizikia. Kama wakfu ungetosha, Stanford isingetangaza Julai 2020 kwamba inafuta michezo 11 kati ya 36, uamuzi ulioufanya ulimwengu wa michezo ya vyuo ushtuke na ambao chuo kiliubatilisha Mei 2021 baada ya shinikizo kali la wanamichezo na wahitimu. Mwaka huo wa 2020 Pac-12 ilikuwa bado imara na hakuna aliyekuwa amehama.

Dhana ya pili ni kwamba kupokelewa katika ligi kubwa ni kupata mgawo sawa na wenyeji. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo vichwa vya habari vilipopita haraka. Kura ya ACC ya kuwapokea wageni ilipita kwa 12 dhidi ya 3, huku vyuo vya Florida State, Clemson na North Carolina vikipinga, na haikuwa rahisi kupata hizo 12. Mkataba wa ligi na ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, uliongeza malipo kadiri wanachama walivyoongezeka, lakini wageni hawakupewa nyongeza hiyo yote. Stanford na California zilikubali kupokea asilimia 30 tu ya mgawo kamili wa fedha za matangazo kwa miaka saba ya mwanzo, kisha asilimia 70 katika mwaka wa nane, asilimia 75 katika wa tisa, na mgawo kamili katika mwaka wa kumi. Fedha ambazo wageni hawakuzichukua ziligawanywa kwa wenyeji. Kwa lugha nyepesi, wageni walijilipia nauli ya kuingia, na nauli hiyo ndiyo iliyowashawishi baadhi ya waliokuwa wakisita.

SMU ilikwenda mbali zaidi: ilikubali kutopokea fedha za matangazo ya ligi kwa miaka tisa. Wengi waliliita jambo hilo upumbavu, nami nilikuwa miongoni mwao hadi nilipoangalia historia ya chuo chenyewe. Mwaka 1987 NCAA iliifutia SMU msimu mzima wa futiboli ya Kimarekani kwa sababu wachezaji walikuwa wakilipwa kwa siri, na mwaka 1988 chuo chenyewe kikaamua kutocheza. Ligi yake, Southwest Conference, ilivunjika mwaka 1996, nayo SMU ikazunguka katika ligi tatu za daraja la pili kwa miaka 28. Waliochoka kuzunguka huko walikuwa wahitimu wenye fedha wa Dallas, na baada ya uhamisho kutangazwa, chuo kilikusanya dola milioni 100 za michango katika muda usiozidi wiki moja. Msimu wa kwanza ndani ya ACC, mwaka 2024, timu ilishinda mechi zake zote 8 za ligi katika msimu wa kawaida, ikafungwa na Clemson 34 kwa 31 katika fainali, na bado ikaingia katika mchujo wa kitaifa wa timu 12, ilikotolewa na Penn State. Kwa chuo kama hiki mgawo wa televisheni ulikuwa kitu cha kusamehe. Kilichonunuliwa kilikuwa nafasi ya kuonekana. Jambo la kuchekesha, au la kuhuzunisha kutegemea mtu alisimama upande gani mwaka 1987, ni kwamba tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Gharama hiyo mpya ni nzito mara mbili kwa mwanachama anayepokea asilimia 30, au asiyepokea kitu.

Kuhusu safari, dhana ni kwamba kila mwanamichezo wa Stanford sasa anaishi katika ndege. Chuo chenyewe kilisema wakati wa kujiunga kwamba kilitarajia michezo 22 kati ya 36 isibadilike ratiba kabisa au ibadilike kidogo tu. Polo ya majini na voliboli ya wanaume, kwa mfano, hazichezwi chini ya ACC, hivyo zilibaki na wapinzani wa magharibi. Wanariadha na wakimbiaji wa mbio za nyika nao hawana mechi za nyumbani na ugenini za kila wiki. Wao hukutana katika mashindano machache na kisha katika ubingwa wa ligi. Mzigo umewaangukia wale wa mpira wa kikapu, voliboli ya wanawake, soka, besiboli na softiboli, ambao huvuka saa tatu za tofauti ya wakati kwenda majimbo ya Carolina, upande wa mashariki, na kurudi darasani. Inafaa kusemwa wazi kwamba uamuzi uliotokana na fedha za futiboli ya Kimarekani unalipwa kwa usingizi wa wasichana wa voliboli.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaomkumbuka Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, huuliza iwapo chuo hicho kimepotea. Hakijapotea: pamoja na Oregon State kilibaki na jina la Pac-12, ambayo ilianza kujengwa upya kwa ajili ya msimu wa 2026.

Katika ujenzi huo yumo pia Gonzaga, chuo kikuu binafsi kisicho na timu ya futiboli ya Kimarekani hata moja, kilichofunguliwa mlango na mpira wa kikapu. Hilo linapunguza nguvu ya dhana nyingine, kwamba vyuo binafsi ndivyo huachwa nyuma ligi zinapopanguliwa. Southwest Conference ilipovunjika, kati ya vyuo vyake vinne binafsi Baylor iliingia Big 12, ligi nyingine kubwa, pamoja na vyuo vya umma vya Texas, ilhali TCU, Rice na SMU viliachwa nje. USC, nayo binafsi, ndiyo iliyoanzisha mkimbio wa 2022. Sifa ya kitaaluma husaidia marais wa vyuo kukubaliana mezani, lakini isingeiingiza Stanford kwa asilimia 30 kama ingekuwa ndiyo sarafu inayotumika.

Wapo pia wanaoamini kuwa kuhama kungeifufua timu ya Stanford. Ilishinda mechi 3 na kupoteza 9 katika kila mmoja wa misimu ya 2021, 2022 na 2023 ndani ya Pac-12. Msimu wa 2024, ndani ya ACC, ilishinda 3 na kupoteza 9. Wakati huohuo Florida State na Clemson, zilizopinga wageni wasiingie, ziliishtaki ligi zikitaka njia nafuu ya kutoka, na katika mapatano ya Machi 2025 ilikubaliwa kwamba sehemu ya fedha za matangazo igawanywe kwa kufuata idadi ya watazamaji.