Umechemsha maji ya kisima, sawa, ila floraidi bado imo

Kliniki ya watoto kila mara naletewa mtoto meno yana madoa ya kahawia, namuuliza mzazi mnatumia maji gani, jibu ni "ya kisima nesi, ila tunachemsha". Madoa hayo mara nyingi yanaletwa na floraidi, madini ya kwenye mwamba yanayoingia kwenye maji ya kisima, na hiyo "ila tunachemsha" ndo imenifanya niandike.

Floraidi inaingiaje, na hewa ukaa (kaboni dioksidi) inahusiana nini na maji ya kisima?
Mvua ikishuka inabeba hewa ukaa kidogo, inakuwa na asidi dhaifu, pH (kipimo cha asidi) kama 5.6 hivi. Lakini kazi kubwa iko chini, kwa sababu mizizi na vijidudu vya udongo vinapumua, na hewa iliyo kwenye udongo inaweza kuwa na hewa ukaa mara 10 mpaka 100 kuliko hii ya juu, sasa maji yakipenya hapo yanatoka na asidi ya kaboniki na hiyo asidi ndo inakula mwamba. Mawe ya chokaa yanayeyuka upesi, itale inachukua muda mrefu sana. Kilichokuwa ndani ya jiwe, kalsiamu, sodiamu, floraidi, kinaishia kwenye ndoo yako.

Sasa hewa ukaa ikizidi angani, kisima changu kitakuwa sumu?
Kabla ya viwanda ilikuwa kama sehemu 280 katika milioni, saa hizi imepita 420. Mimea ikikua zaidi na joto likipanda udongo nao unapumua zaidi, kwa hiyo asidi ya kula mwamba inaweza kuongezeka na maji yakabeba madini mengi zaidi, ila ni mambo ya pole pole na yanategemea mwamba wa pale ulipo. Wanaokwambia maji yameharibika juzi kwa sababu ya moshi wa magari wanakutisha bure. Floraidi ya kisimani kwako mara nyingi imekuwemo tangu siku kinachimbwa, wewe ndo hujapima.

Nikichemsha si inatoka?
Haitoki. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, taifodi na kuhara, na kwa hilo endelea kuchemsha, usije ukasema nesi kakataza. Lakini floraidi sio mdudu, haifi. Aseniki, sumu nyingine ya kwenye mwamba, vile vile. Tena mvuke unatoka floraidi inabaki, chemsha lita 5 mpaka zibaki 4 na floraidi ile ile imejibana kwenye maji machache, yaani imepanda kwa robo nzima.

Mbona birika linaganda ukoko mweupe, si ndo uchafu umetoka?
Hapa ndo watu wengi wananasa. Ule ukoko ni chokaa. Ukichemsha, hewa ukaa iliyokuwa imeishikilia kalsiamu ndani ya maji inaruka, kalsiamu inakosa wa kuishika inaganda kwenye birika. Basi, hiyo tu. Floraidi imebaki kwenye kikombe. Haitoki kwa kuchemsha, haitoki kwa klorini, haitoki kwa kuchuja na kitambaa, na haitoki kwa kuacha maji yatulie usiku kucha.

Maji yetu hayana ukoko, sabuni inatoa povu vizuri, tuko salama?
Ndo ya kupima haraka. Kalsiamu ikiwa nyingi inaibana floraidi isizidi, sasa maji yaliyokaa na mwamba muda mrefu mpaka kalsiamu ikapungua na sodiamu ikajaa, mara nyingi ndo yenye floraidi juu. Macho na ulimi havipimi floraidi, inapima maabara. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo miligramu 1.5 kwa lita, kwa aseniki 0.01.

Na ule ukoko wa birika, si ndo mawe ya figo?
Ukoko wa birika sio mawe ya figo. Kunywa maji ya kutosha, tuendelee.

Meno yakianza kubadilika si ndo nitabadilisha maji?
Umechelewa! Jino la utu uzima linatengenezwa ndani ya ufizi mtoto akiwa mdogo, mpaka kama miaka 8, kwa hiyo doa unaloliona leo liliingia miaka iliyopita na kuswaki hakulifuti. Na usiishie kwenye meno, ukinywa floraidi nyingi miaka na miaka mifupa nayo inaharibika, mgongo unakakamaa, viungo vinauma na mtu anameza dawa za maumivu huku anaendelea kunywa maji yale yale. Pima mama akiwa mjamzito, au leo kama mtoto kashazaliwa. Mnyonyeshe, maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa yenye nyingi, na ya kopo usikoroge na maji ya kisima ambacho hakijapimwa. Majibu yakizidi, maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yatengwe kwa kunywa na kupika (haya ndo uchemshe), au tafuta chujio la mkaa wa mifupa au la osmosisi (linalosukuma maji kwenye utando mwembamba sana), na yanayotoka kwenye chujio yapimwe tena maana mkaa ukichoka unaacha kushika floraidi na hutaona tofauti yoyote. Maji ya kisima oga, fua, deki.