Kwa nini wahafidhina wa Marekani huumiza vichwa sana kuhusu majaji?

Je, wajua kwamba hukumu iliyowakera wahafidhina wa Marekani kwa karibu nusu karne ilipitishwa na majaji ambao wengi wao waliteuliwa na marais wa Republican, chama chao wenyewe?

Mwaka 1973, katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura 7 kwa 2 kwamba Katiba inalinda haki ya kutoa mimba. Kati ya hao saba, watano waliwekwa pale na Eisenhower na Nixon, marais wa Republican. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jaji wa mahakama hiyo hana umri wa kustaafu. Kenya, jaji akitimiza miaka 70 anaondoka, apende asipende. Kule hukaa mpaka afe au achoke mwenyewe. Na hukumu inayotokana na Katiba haifutwi na Bunge kwa sheria ya kawaida. Kurekebisha Katiba nako ni kazi ngumu mno. Njia iliyobaki ni kubadilisha majaji.

Reagan na Bush baba walijaribu. Ilipofika kesi ya Casey mwaka 1992, iliyohusu tena utoaji mimba, majaji 8 kati ya 9 walikuwa wateule wa Republican. Wahafidhina wakajua leo ndiyo leo. Wapi! Kiini cha Roe kikapona kwa kura 5 kwa 4. Tena mteule pekee wa Democrat, Byron White, alikuwa upande wa waliotaka kuiangusha. Kati ya walioiokoa, aliyewauma zaidi ni David Souter, chaguo la Bush la mwaka 1990, ambaye alipoteuliwa hakuwa na maandishi mengi ya kumpima. "Hakuna Souter mwingine" kikawa kilio chao.

Tangu hapo hawakubahatisha tena. Federalist Society, jumuiya iliyoanzishwa na wanafunzi wa sheria mwaka 1982, ikawa chujio: mwanasheria anajulikana misimamo yake tangu chuoni. Jaji Antonin Scalia alipofariki Februari 2016, Seneti, ambayo ndiyo huidhinisha majaji, chini ya Mitch McConnell wa Republican ilikataa hata kumsikiliza Merrick Garland, mteule wa Obama. Mwezi Mei Trump, akiwa bado anawania urais, akatangaza orodha ya majina 11 ya majaji. Kwa maoni yangu, orodha ile iliwatuliza Wakristo waliomtilia shaka kuliko hotuba zake zote.

Akapata nafasi tatu: Gorsuch, Kavanaugh, na Barrett, aliyeidhinishwa siku 8 kabla ya uchaguzi wa 2020. Tarehe 24 Juni 2022 Roe ikaanguka, kwa kura za wote watatu.

Hata hivyo chujio huvuja. Juni 2020 Gorsuch aliandika hukumu ya Bostock: kwa maneno ya sheria ya haki za kiraia ya 1964 yalivyo, mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa sababu ni shoga. Wahafidhina wengi walifoka, ingawa kusoma maneno ya sheria yalivyo ndiyo sifa waliyomchagulia.