Maana ya "jengo lililoorodheshwa": mfano wa gati la Clevedon

Nchini Uingereza, jengo lililoorodheshwa ni lile lililoingizwa katika orodha ya taifa kwa kuwa lina umuhimu wa pekee wa usanifu au wa kihistoria, na ambalo kwa sababu hiyo halibomolewi, halipanuliwi wala halibadilishwi kwa namna itakayogusa sifa yake mpaka mwenyewe apate kibali maalumu, ambacho kwa kawaida huombwa katika halmashauri ya mahali hapo. Neno "jengo" lisimfanye msomaji afikirie nyumba peke yake. Ndani ya orodha hiyo mna minara ya taa, vibanda vya simu, mawe ya makaburi na magati ya baharini, na ni gati mojawapo litakalotusaidia kuielewa dhana hii.

Orodha ilianza kukusanywa katika miaka ya 1940, wakati mabomu ya Vita Kuu ya Pili yalipokuwa yameteketeza mitaa mizima ya kale, na sheria ya mipango miji ya mwaka 1947 ndiyo iliyoiimarisha. Majengo hupangwa katika madaraja matatu: daraja la kwanza, ambalo halifiki asilimia 3 ya orodha nzima, daraja la pili lenye nyota, na daraja la pili la kawaida, ambamo ndimo yalimo zaidi ya asilimia 90. (Uskoti ina utaratibu wake, nayo hutumia herufi A, B na C.) Waziri mwenye dhamana ya utamaduni ndiye anayeamua, baada ya kushauriwa na taasisi ya Historic England. Kinga yenyewe haiishii kwenye uso wa mbele, kwani huingia hadi ndani, kwenye ngazi, milango na dari, na huweza kuvikumba hata vibanda vya uani vilivyokuwapo kabla ya Julai 1948. Anayeikiuka hutenda jinai, na anaweza kufungwa hadi miaka miwili.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani kwamba kuorodheshwa ni msaada. Orodha humzuia mtu kubomoa, lakini haimpi hata senti moja ya kununulia rangi.

Majengo ya enzi za Malkia Victoria, yaani kati ya 1837 na 1901, yalichelewa kuheshimiwa. Karibu kila jengo la kabla ya 1700 lililobaki katika hali inayokaribia ile ya awali huorodheshwa, na mengi ya kati ya 1700 na 1850 pia, lakini baada ya hapo uchaguzi huwa mkali kwa sababu yaliyobaki ni mengi mno. Isitoshe, kizazi cha baada ya vita kiliyaona majengo hayo kuwa makubwa kupita kiasi, yamesheheni mapambo na kujaa masizi. Mwaka 1958 ilianzishwa Victorian Society ili kuyatetea, mshairi John Betjeman akiwa miongoni mwa waasisi wake, na miaka michache tu baadaye lango kubwa la mawe la kituo cha reli cha Euston, mjini London, likabomolewa licha ya kelele zote zilizopigwa.

Ikiwa lango la mawe halikupona, gati la starehe lingetazamiwa nini? Gati la namna hii ni jukwaa refu linaloingia baharini kwa miguu ya chuma. Kazi yake ya kwanza ni ya gati lolote, yaani abiria wapande na kushuka melini hata maji yakiwa yamekupwa. Reli zilipoanza kuwaleta watu wa mijini pwani kwa maelfu, magati yakawa pia mahali pa kutembea, kupunga upepo na kusikiliza bendi, mtu akawa baharini bila kulowa miguu wala kutapika. Ni miundo iliyojengwa kwa ajili ya raha, mahali ambapo chumvi hula chuma mchana na usiku, na haishangazi kwamba karibu nusu ya magati yaliyokuwapo mwanzoni mwa karne ya 20 yameshatoweka.

Gati la Clevedon, katika jimbo la Somerset, linatazamana na Wales ng'ambo ya mlango wa mto Severn. Wahandisi wake, John William Grover na Richard Ward, walikabiliwa na maji ambayo mvuvi wa Unguja au Mombasa angeyastaajabia. Kwetu, hata wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa haifiki mita 5, ilhali pale hufikia takriban mita 14, tena kwa mkondo wenye nguvu. Nguzo nene zingepokea kishindo hicho kama ukuta. Kwa hiyo walitafuta wembamba, na wembamba huo waliupata katika chuma kilichokuwa kimekataliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1840, mhandisi William Henry Barlow alibuni reli pana yenye umbo la V iliyopinduliwa, iliyokusudiwa kulazwa moja kwa moja juu ya kokoto bila mataruma, yaani magogo ya kulazia reli. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa, lakini njiani reli zilitanuka na kupoteza nafasi yake, na kampuni ya reli ya kusini mwa Wales, ambayo mhandisi wake alikuwa Isambard Kingdom Brunel, ikabaki na shehena ya chuma kisicho na kazi. Grover na Ward walizichukua reli hizo, wakaziunganisha mgongo kwa mgongo kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma, wakapata nguzo nyepesi na ngumu. Ukisimama ufukweni maji yakiwa yamekupwa, utaona nafasi nane kati ya nguzo, za mita 30 hivi kila moja, na katika kila nafasi reli zilizopindwa zikipanda kutoka miguuni kufanya tao chini ya sakafu ya mbao. Sogea karibu na nguzo, utautambua ubavu wa reli wenye mabawa yake mawili, na safu ya vichwa vya ribiti iliyopanda nao hadi juu. Hakuna pambo lolote hapo, na kwa maoni yangu hapo ndipo uzuri wa gati hili ulipo.

Lilifunguliwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 29 Machi 1869, likiwa na urefu wa mita 312 na nyumba ya kutozea ushuru wa kuingia iliyosanifiwa na Hans Price kama ngome ndogo. Katika miaka ya 1890 kichwa chake cha mbao kilibadilishwa kikawa cha chuma cha kusubu, kikajengewa na banda juu yake.

Tarehe 17 Oktoba 1970, gati lilipokuwa likipimwa uimara wake kwa ajili ya bima kwa kuwekewa matangi ya maji sakafuni, sakafu ya nafasi mbili za mwisho ilianguka pamoja na matao yake, na kichwa kikabaki peke yake baharini kama kisiwa. Halmashauri ilitaka kulibomoa lote. Kwa kuwa lilikuwa limekwisha orodheshwa, haikutosha madiwani kupiga kura. Ilibidi kibali kiombwe, na mwaka 1980 ukafanyika uchunguzi wa hadhara ambamo watetezi wa gati, wakiungwa mkono na Betjeman, walipata mahali pa kusema na mtu aliyelazimika kuwasikiliza. Ubomoaji haukuruhusiwa. Fedha za hifadhi na michango ya watu ndizo zilizofanya yaliyobaki: mwaka 1985 gati lilifunguliwa vipande vikapelekwa bandari ya Portbury kutengenezwa, tarehe 27 Mei 1989 likafunguliwa tena kwa umma, mwaka 1998 kichwa kikakamilika, na mwaka 2001 likapandishwa hadi daraja la kwanza.

Gati la magharibi la Brighton, lililosanifiwa na Eugenius Birch na kufunguliwa mwaka 1866, lilipewa daraja hilo hilo mwaka 1982, likiwa limefungwa tangu 1975. Lilisubiri fedha mpaka dhoruba ya Desemba 2002 ikalibomoa kwa sehemu, na mioto ya mwaka 2003 ikaacha mifupa ya chuma inayoonekana baharini hadi leo. Msomaji wa Zanzibar analijua jambo hili bila kwenda Brighton. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash na kuzungukwa na nguzo za chuma za zama hizo hizo, imo ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2000, na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 ikiwa katikati ya ukarabati.

Mtu anaweza kuuliza kama gati lililofunguliwa vipande, likasafirishwa na kurudishwa na mbao mpya, nyingine zikiwa na vibati vya shaba vyenye majina ya waliochangia, bado ni lile la 1869. Sheria haijibu kwa kuhesabu mbao. Inachouliza ni kama ule umuhimu wa pekee bado upo, na Clevedon umuhimu huo umo katika wembamba wa matao na katika reli za Barlow, ambazo zilisafishwa, zikapakwa rangi na kufungwa tena mahali pake.