"Carnival of Light" ya Beatles: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tarehe 5 Januari 1967 Beatles, bendi ya Uingereza, walikuwa Studio ya Pili ya kampuni ya rekodi ya EMI, Abbey Road, London, katikati ya kazi ya wimbo wao "Penny Lane". Siku hiyohiyo walirekodi "Carnival of Light", kipande cha dakika 13 na sekunde 48 ambacho mpaka leo hakijatolewa rasmi. Watu wengi wanakijua kwa kusimuliwa tu, ndiyo maana uvumi wake ni mwingi kuliko habari zake.

Dhana: Kanda ilipotea au ilifutwa.

Haikupotea. Mwanahistoria Mark Lewisohn aliisikiliza miaka ya 1980 alipokuwa akipitia hifadhi ya EMI, akaeleza njia zake nne (sehemu za kanda zinazorekodiwa kila moja peke yake na kuchezwa pamoja) moja baada ya nyingine. Mwaka 2008 Paul McCartney, mmoja wa Beatles wanne, aliiambia BBC kwamba kanda ipo na kwamba angependa watu waisikie. Kinachokosekana ni ruhusa, kanda ipo.

Dhana: Imevuja, ukitafuta YouTube utaipata.

Hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi. Kuna vipande vingi vyenye jina hilo, na hakuna hata kimoja kilichothibitishwa.

Kwanza ujue kilichomo. Njia ya kwanza ina ngoma na kinanda, sauti zake zimekwaruzwa. Ya pili ni gitaa, nalo limekwaruzwa. Ya tatu ina kinanda cha kanisani, mtu anayesukutua maji kooni, na sauti za watu. Ya nne ni vishindo mbalimbali vyenye mwangwi mzito, pamoja na tari linalopigwa kwa fujo. McCartney na mwenzake John Lennon wanapiga kelele, na neno "Barcelona!" linasikika. Hakuna muziki unaoendelea. Mapigo yanajitokeza kidogo kisha yanapotea. Mwishoni McCartney anauliza kama wanaweza kurudishiwa wasikie walichorekodi.

Lakini maelezo hayo yamechapishwa zamani, na mwenye kughushi ameyasoma kama wewe. Kwa hiyo ukisikia "Barcelona!" usifurahi bado: hicho ndicho kitu cha kwanza anachokiweka. Hata urefu kamili wa 13:48 si ushahidi, maana kukata faili lifikie urefu huo ni kazi ya dakika moja.

Kipimo cha maana ni kutafuta sauti zimetoka wapi. Waghushi wengi huchukua mazungumzo ya studio ya Beatles ambayo tayari yametoka, wakayaongezea mwangwi. Ukishuku sehemu fulani, tafuta rekodi unayodhani ndiyo chanzo. Fungua zote mbili kwenye programu ya kuhariri sauti, zilinganishe zianze pamoja kabisa, sawazisha ukubwa wa sauti, kisha geuza mawimbi ya moja juu chini na uzicheze kwa pamoja. Zikifutana pakabaki karibu kimya, ni rekodi ileile. Kipimo hiki hukwama kasi ikiwa imebadilishwa hata kidogo, au mwangwi ukiwa umeongezwa: hazitafutana hata kama chanzo ni kimoja. Hapo rudisha kasi kwanza, halafu sikiliza pumzi, vituo na mkazo wa maneno. Mtu hasemi sentensi mara mbili kwa namna moja kabisa.

Muulize pia aliyeipandisha ameipata kwa nani. Kanda iliyo mikononi mwa watu wachache haitokei hewani bila njia inayofuatika, na jibu la "rafiki yangu alikuwa nayo" halitoshi.

Dhana: Ni rasimu ya "Revolution 9", kipande kingine cha majaribio cha Beatles, tena kazi ya John.

Msukumo ulikuwa wa Paul. Ndiye aliyewaambia wenzake wazunguke studio, wagonge na kupiga chochote, bila kujali kama kinaleta maana. "Revolution 9" ilitengenezwa kati ya Mei na Juni 1968, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, na John, mpenzi wake Yoko Ono, na George Harrison wa Beatles, kwa vipande vya kanda vilivyozungushwa na kuunganishwa. "Carnival of Light" ilipigwa moja kwa moja, kisha wakaongeza juu yake. Kuzichanganya ni kumnyima McCartney haki yake. Mwaka 1967 yeye ndiye aliyekuwa akifuatilia muziki wa majaribio kwa bidii zaidi kati ya wanne hao.

Dhana: Nje ya studio hakuna aliyewahi kuisikia.

Ilitengenezwa kwa ombi la msanii David Vaughan, kwa ajili ya tamasha la The Million Volt Light and Sound Rave pale ukumbi wa Roundhouse, London. Ilichezwa huko tarehe 28 Januari na 4 Februari 1967. Waliohudhuria waliisikia.

Dhana: Miaka 50 imepita, kwa hiyo ni mali ya umma.

Sheria ya Uingereza huipa rekodi isiyochapishwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Ila ikichezwa hadharani kwa idhini ndani ya muda huo, inapata miaka 70 tangu mwisho wa mwaka ilipochezwa. Maonyesho ya Roundhouse yanatoa hoja nzito kwamba ulinzi unafika angalau mwisho wa 2037. Haki ya utunzi nayo ni nyingine, inahesabiwa kutoka kifo cha mtunzi wa mwisho, na Paul yuko hai. Tena hata haki zote zingeisha, sheria haimlazimishi mwenye kanda kuifungua kabati.

Ruhusa yenyewe inahitaji pande nne: Paul, mwenzake Ringo Starr, na warithi wa John na wa George. McCartney aliipendekeza iwekwe kwenye Anthology, mkusanyiko wa rekodi za Beatles wa miaka ya 1990, Harrison akakataa. Toleo la miaka 50 la albamu yao ya 1967, "Sgt. Pepper", lilipotoka Mei 2017, nalo halikuwa nayo.