Je, wajua kwa nini monasteri moja ya Laos huwa na nakala nyingi za maandiko yaleyale?

Katika makabati ya monasteri za Kibudha za Laos na kaskazini mwa Thailand kuna mafungu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mivumo, yamefungwa kwa kamba na kuvikwa nguo. Herufi zimechorwa kwa kalamu ya chuma, kisha zikapakwa masizi ili zisomeke. Hadithi moja hurudiwa humo nakala kwa nakala.

Wengi husema ni akiba, kwa kuwa wadudu na unyevu huharibu majani. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Kosa kubwa ni kudhani kila kitabu kiliandikwa ili kisomwe tu. Mwenye dhana hiyo atahesabu nakala na kusema hadithi fulani ndiyo iliyopendwa na wasomaji, na kitabu kisichoguswa atakiita kazi bure. Atakosea mara mbili.

Kwa jamii za Kitai, wakiwamo Walao, watu wa Lanna, kaskazini mwa Thailand, na Watai Lü wa Yunnan, kusini mwa China, kunakili mafundisho ni sadaka. Mfadhili, ambaye mara nyingi ni mwanamke, humtafuta mwandishi, aghalabu mtawa au mtu aliyewahi kuwa mtawa, kisha kitabu hukabidhiwa monasteri. Ni kama msahafu uliowekwa wakfu msikitini: thawabu za mtoaji hazipungui kwa sababu rafu imejaa misahafu mingine. Hadithi ya mwanamfalme Vessantara, aliyegawa hata watoto wake, ina sura 13, na familia tofauti huweza kufadhili kila moja sura yake.

Si maandiko yote yako hivyo. Ya sheria, tiba na unajimu yalinakiliwa kwa matumizi.

Ushahidi uko ukurasa wa mwisho. Hapo mwandishi hutaja mwaka na wafadhili, huomba radhi kwa mwandiko mbaya, huomba thawabu ziwafikie wazazi waliokufa, au azaliwe tena zama za Metteyya, Budha ajaye. Maneno hayo hayafanani kati ya nakala na nakala, hata hadithi ikiwa ileile. Ndiyo maana mradi wa Laos wa 1992 hadi 2004 uliorodhesha maandiko takriban 86,000 kutoka monasteri zaidi ya 800: anayebakiza nakala moja ya kila hadithi hutupa majina ya waliotoa zile nyingine.