Ukweli nusu ni nini, na unautambuaje?

Ukweli nusu ni taarifa ambayo kila neno lake ukilikagua peke yake linasimama, lakini msomaji anabaki na picha isiyo sahihi. Mtungaji hakudanganya. Amechagua cha kutaja, ameficha kipimo, au amelitoa tukio kwenye tarehe yake. Kwa hiyo kuuliza "ni kweli au si kweli?" hakumkamati. Uliza kilichoachwa ni kipi.

Chukua tangazo la aina hii, ambalo mkazi wa Dar hukutana nalo kila siku: "Viwanja Chanika, vimepimwa, kuanzia sh. 5,000 kwa mita ya mraba, dakika 10 kutoka lami, ofa mwisho Ijumaa."

"Kuanzia" ni bei ya kiwanja cha chini kabisa kwenye orodha, pengine kile cha bondeni. Bei ya mita moja inapendeza masikioni, lakini kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni mita za mraba 600, yaani sh. 3,000,000, na hapo hujauliza kama gharama za hati zimo. "Dakika 10" haisemi ni kwa miguu, kwa bodaboda au kwa gari, wala kama ni kiangazi au masika. Dai utajiwe kilomita. Neno zito kuliko yote ni "vimepimwa". Kupimwa si kuwa na hati, na hakuthibitishi kwamba anayekuuzia ndiye mwenye mali. Omba namba ya kiwanja na ya kitalu, nenda kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa, uulize kwa maandishi nani amesajiliwa na kama kuna rehani au zuio. Sasa utaona kazi ya "mwisho Ijumaa": inakunyima muda wa kwenda huko. Ipime kirahisi. Jumatatu mwambie mtu mwingine apige simu aulize bei. Mara nyingi ofa utaikuta bado ipo.

Mikopo nayo ina lake. "Riba asilimia 10 tu", kilichoachwa ni "kwa mwezi". Umekopa sh. 200,000, wakakata 20,000 ya fomu kabla hujashika hela, ukapokea 180,000, na baada ya siku 30 unarudisha 220,000. Umelipa 40,000 kwa kutumia 180,000, zaidi ya asilimia 22 kwa mwezi mmoja. Ndiyo maana watu wanaiita kausha damu.

Kwenye habari, kinachohamishwa zaidi ni tarehe. Picha ya maji yaliyofunika Jangwani, bonde la Dar linalokatizwa na Barabara ya Morogoro, ikiandikwa "Dar leo" inaaminika haraka, kwa sababu Jangwani kweli hujaa maji. Tazama barabara yenyewe. Mabasi ya mwendokasi, yenye njia zake pekee, yalianza kazi Mei 2016. Kama Barabara ya Morogoro inaonekana haina njia za mabasi hayo, hiyo picha ni ya zamani, labda ya mafuriko ya Desemba 2011. Kinyume chake hakithibitishi kitu, maana Jangwani imefurika tena zaidi ya mara moja tangu mabasi yaanze. Ipitishe kwenye utafutaji wa picha wa Google, kisha tafuta ilipoonekana mara ya kwanza. Ikikosekana usiseme ni mpya: huenda imekatwa kutoka kwenye video, au imegeuzwa kushoto kulia.

Tahadhari za hali ya hewa ni mtego mgumu zaidi, kwa sababu huenda tangazo lilitoka kweli TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Tangazo la Mei 2024 kuhusu kimbunga Hidaya likikatwa sehemu ya juu yenye tarehe linaweza kuwatia watu hofu mwaka mwingine wowote. "Usiku huu" haichakai. Tangazo kamili linataja siku, maeneo na kiwango: angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa. Kikikosekana kimojawapo, fungua kurasa za TMA zenyewe.

Mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp ina maana umepita mikono isiyopungua mitano. Hilo halitoshi kuuita uongo. Linakuambia tu kwamba aliyekutumia si shahidi, na kumuuliza "una uhakika?" hakusaidii. Muulize ameupata wapi.

Ukigundua umeshausambaza, WhatsApp inakuruhusu kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili na nusu hivi. Muda ukipita, andika sahihisho kwa kuujibu ujumbe uleule, ukianza na taarifa sahihi na tarehe yake, ili atakayerudi juu kuusoma avikute vyote viwili pamoja.